TB sugu: dozi ndefu ya sindano, ya miezi 9 au ya miezi 6? Ulinganisho kwa wanaouguza Moshi na Arusha

Kama unasoma hii huenda majibu ya makohozi yameshatoka, mashine ya GeneXpert imesema TB ipo na rifampisini, dawa kuu ya TB, haiwezi kuiua, na daktari wa hospitali ya Mawenzi au Mount Meru ameshaongelea Kibong'oto, hospitali ya TB sugu iliyoko Siha. Nyumbani sasa kila mtu ana lake. Shangazi anamkumbuka jirani aliyechomwa sindano miezi na miezi akapona kifua ila masikio yakaondoka, kijana wa machimbo ya Mererani anasema siku hizi ni miezi sita tu unarudi shimoni, na kuna yule anayesema hospitali watamfungia mwaka na nusu bora aanze na mizizi kwanza. Wa kwanza na wa pili wanaongea kweli ila wanaongelea dozi tofauti za miaka tofauti. Huyo wa mizizi msimsikilize, kila wiki anayochelewa mgonjwa ni pafu linaloliwa na ni watu wa nyumba hiyohiyo wanaovuta hewa yake.

Nimemuuguza mdogo wangu na ugonjwa huu na kipindi chote kile nilikuwa nasoma tafiti zenyewe, sio za kusimuliwa. Nitasema msimamo wangu mapema kabisa: kama mgonjwa anastahili dozi ya miezi sita, achukue ya miezi sita. Ila nataka muelewe kwa nini, maana ukiangalia asilimia ya waliopona peke yake unaweza kudanganyika, na pia kuna watu ambao hiyo ya miezi sita sio yao.

Daktari ndiye anayeandika dozi, hilo halina ubishi. Lakini anauliza maswali na majibu yenu ndiyo yanaamua. Je, alishawahi kutumia dawa za TB sugu? Ni mjamzito, ananyonyesha? Anatumia dawa za virusi vya UKIMWI (ARV)? Miguu inamuwaka moto? Macho je? Anakaa na nani? Ukijibu kwa aibu au kwa kuficha, unapewa dozi ya mtu mwingine.

Tuanze na ile ya zamani

Hii ndiyo iliyowatisha wazazi wetu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2011 ulikuwa unasema miezi 20 kwa mgonjwa mpya wa TB sugu, na katika hiyo karibu miezi 8 ni ya sindano, kanamaisini au kapriomaisini au amikasini, juu yake vidonge kiganja kizima kila siku. Kibong'oto walianza kutibu TB sugu 2009, kwa hiyo wagonjwa wa miaka ile wote walipita njia hii, mtu anatoka Mtwara anakuja kukaa Siha baridi lile miezi anasubiri makohozi yawe safi.

Matokeo yake? Uchambuzi mmoja mkubwa uliotoka kwenye jarida la Lancet 2018 ulikusanya taarifa za wagonjwa 12,030 kutoka nchi 25. Waliofanikiwa ni asilimia 61. Asilimia 14 walifariki, asilimia 8 dawa zilishindwa au ugonjwa ukarudi, na waliobaki, karibu mmoja kati ya sita, waliacha matibabu katikati wakapotea. Na uchambuzi huohuo ukaonyesha kwamba waliotumia kanamaisini na kapriomaisini walikuwa na matokeo mabaya kuliko wasiotumia, wakati waliopata vidonge vya bedakwilini na linezolidi walikufa wachache. Yaani sindano iliyokuwa inaua masikio haikuwa hata inasaidia vile ilivyodhaniwa. Mwaka huohuo WHO wakaanza kuisogeza sindano pembeni na leo hizo mbili, kanamaisini na kapriomaisini, hazipendekezwi tena kabisa. Kwa hiyo kama kuna mtu bado anakutisha na habari ya kuwa kiziwi, mwambie kwa heshima kwamba hiyo ilikuwa dozi nyingine.

Hapa kuna kitu nataka tukae nacho kidogo. Kuna utafiti unaitwa STREAM, majibu yake yalitoka 2019, ulifanyika Ethiopia, Afrika Kusini, Vietnam na Mongolia, watu 424 wakapangwa kwa bahati nasibu, wengine dozi ndefu ya kama miezi 20, wengine fupi ya miezi 9 hadi 11. Dozi ndefu, hiyohiyo inayolaumiwa, ilifanikiwa kwa asilimia 79.8. Fupi asilimia 78.8. Sasa jiulize, dozi ndefu imetoka wapi asilimia 61 mpaka karibu 80? Sehemu ni kwamba wale 12,030 walikuwa wamechanganyika, wengine na usugu mbaya zaidi. Lakini sehemu kubwa kwa maoni yangu ni kwamba kwenye utafiti mgonjwa hapotei. Anapigiwa simu, asipokuja anafuatwa, nauli anapewa, akitapika anasikilizwa siku hiyohiyo sio mwezi ujao. Dawa ni zilezile, kilichobadilika ni watu waliomzunguka. Mimi nikisoma namba hizi mbili naona kabisa kwamba familia inachangia uzima wa mgonjwa.

Ya miezi 9

Ile fupi ya STREAM bado ilikuwa na sindano ya miezi minne ya mwanzo, kwa hiyo wepesi wake ulikuwa muda tu. Baadaye, 2020, WHO wakaitoa sindano wakaweka bedakwilini, na hiyo ndiyo miezi 9 ambayo watu wanaijua sasa, vidonge tupu. Ubaya wake ni wingi wa dawa, zinafika saba miezi ya kwanza, tumbo linasumbua, na klofazimini iliyomo inabadilisha rangi ya ngozi, mtu anakuwa mweusi wa kung'aa hivi, majirani wanaanza kuuliza. Rangi hurudi taratibu dawa ikiisha ila dada zangu mjue mapema msije mkashtuka.

Halafu 2025 mwanzoni yakatoka majibu ya endTB, utafiti wa watu 754 katika nchi saba ikiwemo Lesotho na Afrika Kusini, nao ulijaribu michanganyiko mipya ya miezi 9 ya vidonge. Mitatu ilifanya vizuri, kati ya asilimia 85 na 90, huku kundi la matibabu ya kawaida likipata karibu 81. Kwa hiyo miezi 9 sio dozi ya maskini wala ya kukosa bahati, mtu akiambiwa ni 9 asilie, inatibu.

Ya miezi 6

Inaitwa BPaLM, herufi za dawa nne, bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Ilianzia mbali kidogo, 2020 Afrika Kusini walitangaza majibu ya Nix-TB, wagonjwa 109 tu wenye usugu ule mbaya kabisa ambao zamani wengi walikuwa wanakufa, wakapewa dawa tatu za kwanza miezi sita, asilimia 90 wakafanikiwa. Ilikuwa habari kubwa sana. Lakini haikuwa na kundi la kulinganisha, na linezolidi walipewa miligramu 1200 kwa siku, na asilimia 81 ya wagonjwa wakapata shida ya mishipa ya fahamu, ganzi na kuwaka moto miguuni. Wakapona TB huku miguu ikiwasumbua.

Ndiyo ukaja ZeNix 2022, watu 181, swali moja tu: linezolidi tukipunguza, bado inatibu? Waliopewa 1200 wiki 26 walipona asilimia 93, waliopewa 600 wiki 26 asilimia 91. Tofauti ndogo. Lakini shida ya mishipa ikashuka toka 38 mpaka 24. Walipojaribu kupunguza mpaka wiki 9 tu za 600, madhara yalishuka zaidi ila na kupona kukashuka, 84. Kwa hiyo ile 600 ambayo mgonjwa wako anapewa leo haikuokotwa barabarani, ndiyo sehemu ambayo bado inaua vijidudu bila kuumaliza mwili.

Na ulinganisho wenyewe, wa kweli, wa bahati nasibu, ni TB-PRACTECAL wa Madaktari Wasio na Mipaka, Belarus, Uzbekistan na Afrika Kusini, majibu Desemba 2022. Matokeo mabaya yalikuwa asilimia 11 kwa BPaLM na asilimia 48 kwa matibabu ya kawaida ya miezi 9 mpaka 20. Madhara makali asilimia 19 kwa 59. Mwezi huohuo WHO wakaipendekeza.

Hiyo 48 msiisome kama vifo, nimeona watu wanaisambaza hivyo WhatsApp na inaumiza. Matokeo mabaya kwenye utafiti ule ni pamoja na kufa, dawa kushindwa, ugonjwa kurudi, na kuacha au kusimamishwa dawa kabla ya wakati, na wengi wa hiyo 48 ni hao wa mwisho, walioacha au waliosimamishwa kwa sababu dozi iliwashinda. Vifo vilikuwa vichache. Pia waliolinganishwa hapo walikuwa 62 kwa 66, sio maelfu. Pamoja na hayo mimi naona jibu lina nguvu, kwa sababu dozi ambayo mtu anaweza kuimaliza ndiyo inayotibu, na miezi sita mtu wa soko la Kilombero pale Arusha au dereva wa noah anaweza kuimaliza kabla hela haijakata kabisa.

Ila fupi haina maana nyepesi. Mdogo wangu alikuwa kwenye hii. Kila kliniki nesi alikuwa anamvua soksi, anagonga chuma fulani chenye ncha mbili kinatetemeka, anakiweka kwenye mfupa wa kidole gumba cha mguu, anamwambia fumba macho, ukiacha kusikia mtetemo sema. Kuna siku alisema "umeisha" na nesi bado kidole chake mwenyewe kilikuwa kinausikia. Hapohapo daktari akaitwa, linezolidi ikapunguzwa. Halafu kuna kitabu cha vidoti vya rangi, kijani na vyekundu na kahawia vimejaa ukurasa, katikati kuna namba, mgonjwa anaisoma jicho moja moja, kwa sababu linezolidi ikianza kugusa mshipa wa jicho rangi ndizo zinazopotea kwanza kabla hata mtu hajajua haoni vizuri. Vipimo hivi viwili vinachukua dakika chache tu. Kama kliniki imejaa na vimerukwa, ombeni kwa adabu vifanyike, na damu ipimwe kwa sababu dawa hiyohiyo inashusha damu, na ECG ya moyo ifanyike kwa sababu bedakwilini na moksifloksasini zote mbili zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Vitu vya nyumbani ambavyo vinaharibu dozi hii na watu hawasemi: bedakwilini na pretomanidi zinamezwa na chakula, sio tumbo tupu na chai ya rangi. Bedakwilini wiki mbili za mwanzo ni kila siku, baada ya hapo mara tatu kwa wiki, na wengi wanachanganya hapo, andikeni siku kwenye kalenda ya ukutani. Vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia visimezwe pamoja na moksifloksasini, vinaizuia isiingie mwilini, acheni masaa kadhaa katikati. Anayetumia ARV zenye efavirenzi aseme mapema abadilishiwe, maana inashusha bedakwilini kwenye damu. Anayetumia dawa za msongo wa mawazo naye aseme, zinagombana na linezolidi. Na mbege, jamani wa Kibosho na Machame mnisamehe, mbege ikae pembeni miezi yote sita: pombe inaongezea ini mzigo na vinywaji vya kuchachusha vikikutana na linezolidi vinaweza kupandisha presha.

Nani asichukue ya miezi 6

Mjamzito na anayenyonyesha, BPaLM sio yao. Mtoto chini ya miaka 14 pia. TB ya ubongo, ya mifupa au iliyosambaa mwili mzima, hapana. Aliyewahi kutumia bedakwilini, linezolidi au pretomanidi zaidi ya mwezi mmoja anahitaji vipimo kwanza kuona kama bado zinamfaa. Kama usugu umefika mpaka kwenye kundi la moksifloksasini, inatolewa hiyo M na zinabaki tatu. Kwa mama mjamzito na mtoto kuna njia nyingine ya miezi sita ambayo WHO waliipendekeza 2024 baada ya utafiti wa BEAT-Tuberculosis wa Afrika Kusini, ina bedakwilini, delamanidi, linezolidi, levofloksasini na klofazimini, pretomanidi haimo. Ulizeni kama ipo. Isipokuwepo ya miezi 9 inafanya kazi, au dozi ndefu ya vidonge vitupu ambayo daktari anamshonea mgonjwa mmoja mmoja.

Na TB ya kawaida, isiyo sugu? Hiyo ni habari nyingine na rahisi zaidi, miezi sita ya rifampisini na wenzake, dozi ambayo kwa kiasi kikubwa ilithibitishwa na tafiti za Afrika Mashariki na Waingereza miaka ya mwanzo ya 1970, hospitali za Tanzania zikiwemo. Siku hizi kuna ya miezi minne pia, yenye rifapentini, na watoto wenye TB isiyo kali miezi minne inawatosha. Usichanganye miezi sita hii na ile.

Kulazwa au kukaa nyumbani

Hapa ndipo familia ina sauti kubwa kuliko kwenye vidonge. Kuna utafiti wa zamani wa Madras, India, 1959, wagonjwa 193 wa TB ya kawaida, nusu wakalazwa wakapumzika wakala vizuri, nusu wakabaki kwenye nyumba zao za kubanana na chakula hafifu, dawa zilezile. Baada ya mwaka matokeo yalikaribiana, na ndugu wa waliobaki nyumbani hawakuugua zaidi. Kilichofanya kazi ni dawa iliyomezwa, kitanda na chakula kizuri havikuongeza kitu cha maana.

Kwa TB sugu naona hivi. Mgonjwa anayehema kwa shida, anayetapika kila kitu, sukari haijatulia, au anayekaa ghetto Mererani watu watano chumba kimoja, alazwe Kibong'oto wiki za mwanzo mpaka atulie. Toka Arusha unashuka Bomang'ombe, unachukua gari la Sanya Juu, sio mbali kama watu wanavyofikiria. Mgonjwa anayetembea, ana chumba chenye dirisha, ana mtu mzima wa kumuangalia akimeza kila siku na zahanati iko karibu, atibiwe nyumbani, atakula chakula chake na hatapoteza kazi yote. Ambacho sikubaliani nacho ni katikati ya hapo, anaruhusiwa halafu anapelekwa kijijini kwa bibi ambaye hajaambiwa chochote, bibi anaona vidonge vinamtapisha mjukuu anamwambia pumzika navyo kidogo. Mtu huyo hata dozi iwe nzuri namna gani ataingia kwenye lile kundi la mmoja kati ya sita walioacha matibabu wakapotea.

Wanaapolo

Wadogo zangu mnaoshuka shimoni, dozi zote tatu hapo juu zinaua kijidudu, hakuna hata moja inayotoa vumbi kwenye pafu. Silikosisi, ugonjwa wa pafu wa vumbi la mwamba, haina dawa ya kuirudisha nyuma, na pafu lenye silika linashika TB kirahisi sana kuliko pafu la kawaida. Mtu amemaliza miezi sita, makohozi safi, wiki inayofuata yuko tena anachoronga mwamba mkavu kitambaa mdomoni, huyo hakupona, ameahirisha. Mdogo wangu nilimwomba aje tufanye naye biashara ya viazi hapa Moshi na nashukuru alikubali. Anayelazimika kurudi basi angalau achoronge kwa maji na aende kupiga picha ya kifua na kutoa makohozi kila anapoitwa ule mwaka wa kwanza baada ya dozi, hata kama anajisikia mzima.

Waliobaki nyumbani

Kila aliyelala nyumba moja na mgonjwa apimwe, na kwa watoto wadogo ni haraka zaidi. Tangu 2024 kuna ushahidi wa kinga pia, tafiti mbili, TB-CHAMP ya watoto Afrika Kusini na V-QUIN ya Vietnam, zilimpa mtu aliyekaa na mgonjwa wa TB sugu levofloksasini kila siku kwa miezi sita. Kila mmoja peke yake haukutosha kuthibitisha, zilipounganishwa zikaonyesha hatari ya kuugua imepungua kwa karibu asilimia 60, na WHO wakaipendekeza. Kwa hiyo siku mgonjwa anapoanzishiwa dozi, nendeni naye na watoto, kadi za kliniki mkononi, na ulizeni hapohapo kuhusu levofloksasini ya kinga kabla hamjaondoka. Dawa za TB Tanzania ni bure, kinachowatoka zaidi ni nauli.